Injini ya Baiskeli katika Milima ya Karatu

Atokaye Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, akiwa na gunia la vitunguu nyuma ya baiskeli, hana budi kupanda njia nzima hadi Karatu, mji ulio yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Na akiazimia kuufikia ukingo wa kreta ya Ngorongoro atapanda tena mita 800. Si ajabu, basi, kijana ambaye pikipiki imemshinda bei akatamani kuifunga baiskeli yake injini.

Tamaa hiyo ni ya zamani. Mwaka 1946, Japani ikiwa katika dhiki baada ya vita, Soichiro Honda wa Hamamatsu alizitwaa injini ndogo zilizokuwa zikiwasha mitambo ya redio za jeshi, akazifunga katika baiskeli na kuziuza. Na mwaka wa pili yake akaunda injini yake mwenyewe, ya sentimita za ujazo 50.

Fundi wa Karatu hahitaji kusubu silinda. Injini ya pampu ndogo ya kumwagilia, ile isiyo na vali, yamtosha. Pistoni ipandapo husindika hewa na petroli juu yake, na papo hapo huvuta nyingine chini yake. Plagi ikitoa cheche, moto huisukuma pistoni chini, nayo ishukapo hufunua matundu ubavuni mwa silinda, moshi ukatoka na petroli mpya ikaingia. Kwa kuwa haina oili yake ya ndani, oili huchanganywa na petroli, aghalabu mililita 40 kwa lita, na mwenye kusahau ataiona injini imenoki.

Taabu yenyewe ni kuutiisha mwendo. Injini huzunguka mara 5,000 kwa dakika, ilhali gurudumu la inchi 26, likienda kilomita 28 kwa saa, huzunguka mara 225 tu. Njia nyepesi ni rola ya chuma ya sentimita 3, iliyokwaruzwa kama tupa na kukandamizwa juu ya tairi la sentimita 66, izunguke mara 22 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Wafaransa waliuza baiskeli za Vélosolex za namna hiyo tangu 1946. Lakini masika, udongo mwekundu wa Karatu huifanya rola iteleze, na hapo cheni huwa bora.

Fauka ya hayo, ukingoni mwa Ngorongoro hewa hupungua kwa kadiri ya khumsi moja ikilinganishwa na usawa wa bahari, injini ikapoteza nguvu kwa kiasi hicho, na petroli ikizidi hewa plagi huwa nyeusi kwa masizi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi katika kabureta, na miguu kusaidia kukanyaga pedeli.

Hata hivyo, aliyepanda sharti ateremke. Mwendo ukizidi maradufu, kazi ya breki huzidi mara nne, na vipira viwili vya breki vya baiskeli havikukusudiwa mteremko huo pamoja na mzigo. Kwa hiyo, ewe fundi, kabla hujanunua injini, nunua breki.