Je, Wajua? Bastola ya upepo hutoa moshi

Haina baruti, lakini bastola ya upepo iliyozidishiwa mafuta inaweza kupiga kishindo na kufuka moshi mtutuni. Pistoni inayosukumwa na springi hubana hewa ghafla, hewa hupata joto kali, mafuta yanawaka. Injini ya dizeli hufanya vivyo hivyo.

Webley & Scott wa Birmingham, Uingereza, walianza kuuza zao mwaka 1924. Mtutu umekaa juu ya silinda. Ukifyatua, risasi huenda mbele huku pistoni ikirudi nyuma, kuelekea mkono wako!

Ya zamani ikipiga kinyonge, usikimbilie kulaumu springi. Huenda wosha ya ngozi ya pistoni imekauka tu. Tone moja au mawili ya mafuta huilainisha.

Ukiifungua bastola, ibane springi kwanza. Hata bastola isipokokiwa, springi imekandamizwa mle ndani, na ikichomoka inajeruhi.