Jinja, Mlango wa Maji ya Mara

Maji ya Mto Mara, ukiyatazama kutoka upande wetu wa Tarime au ng'ambo Serengeti, yana safari ndefu mbele yake. Yatapita chini ya daraja la Kirumi, yataingia Ziwa Victoria karibu na Musoma, kisha yatapotelea katika maji ya mito mingine. Mengi yatanyonywa na jua yakiwa bado ziwani. Yatakayosalia yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Uganda, katika mji wa Jinja, pale ziwa linapogeuka kuwa Nile.

Kwa hiyo mtu wa Gorong'a anayekwenda Jinja anafuata maji ya kwao, ila yeye analazimika kuzunguka kwa barabara. Atavuka Sirari, apite Migori, Kisii na Kisumu, avuke tena Busia, halafu Bugiri na Iganga ndipo afike. Ni mipaka miwili na siku nzima ya kukaa garini. Wapo wazee wa Tarime waliofika huko kwa njia nyingine: majeshi ya Tanzania, katika vita dhidi ya Idi Amin, yaliingia Jinja Aprili 1979, siku chache baada ya Kampala kuanguka, na vijana wa Mara jeshini hawakuwa wachache. Wao waliuona mji ukiwa na hofu. Ukifika leo, kitakachokushangaza ni ukimya wake.

Ukimya huo ndio unaowavuta wanaotafuta mahali pa kuishi, na ndio ninaotaka kuueleza kwanza, kwa sababu haukuja wenyewe. Mitaa ya Jinja imenyooka kama iliyopigwa rula, mipana, yenye miti mikubwa kandokando. Majina ya baadhi ya barabara ni ya Kihindi, Nizam na Gokhale, na katika Main Street bado unasoma juu ya mapaa ya maduka jina la aliyejenga na mwaka aliojenga. Ukielekea Nalufenya na Nile Crescent, unaingia mtaa wa bangaloo za zamani zenye baraza, kila moja katikati ya kiwanja ambacho kwetu kingetosha mji wa baba na wanawe watatu. Korongo wakubwa wenye upara wamekaa juu ya miembe kama wazee wa baraza. Bodaboda hupita moja moja. Jioni unausikia mto.

Mji huu ulikuwa wa kelele. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda. Kikaja kiwanda cha nguo cha Nytil, kikaja na cha kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, magharibi kabisa mwa nchi. Walukuba palijengwa nyumba za wafanyakazi kwa mamia. Kakira, nje kidogo ya mji, familia ya Madhvani ilikuwa imeshaanza kusaga miwa tangu mwaka 1930. Halafu Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Waliondoka na masanduku, wakaacha funguo. Viwanda vilizimika kimoja baada ya kingine, na mji uliojengwa kwa ajili ya watu wengi na mitambo ukabaki na mitaa mipana isiyo na magari.

Nalisema hili kwa anayetaka kununua nyumba. Bangaloo nzuri ya Jinja mara nyingi ina mwenyewe wa kwanza aliyeondoka mwaka 1972. Serikali ilikabidhi mali hizo kwa bodi ya kuzisimamia, sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuzirudisha, na wengi walirudishiwa, hasa miaka ya 1990. Kakira yenyewe ilirudi mikononi mwa Madhvani mwaka 1985 na hadi leo inatoa sukari. Lakini si zote zilizorudishwa kwa njia iliyonyooka. Mwaka 2019 wabunge wa Uganda walikuwa bado wanachunguza namna mali hizo zilivyogawiwa na kugawiwa tena. Anayekuonyesha nyumba anaweza kuwa na hati, na mwingine aliye London au Leicester naye akawa na yake.

Kununua kwenyewe kuna maana nyingine huko. Sisi tunajua kwetu ardhi ni ya umma chini ya Rais, na ile ya kijiji husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mganda hawezi kuja Gorong'a akanunua shamba kwa kukubaliana na mwenye shamba tu. Uganda ina desturi tofauti: Katiba ya mwaka 1995 inasema ardhi ni ya raia, na mtu anaweza kuimiliki moja kwa moja, bila kikomo cha miaka. Raia, lakini. Mgeni, hata wa Afrika Mashariki, hupewa miaka tu, isiyozidi 99. Itifaki yetu ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, ilifungua milango mingi, ila ardhi iliachwa kwa sheria ya kila nchi. Msione ni ubaguzi wa Afrika. Indonesia nako, sheria ya mwaka 1960 haimruhusu mgeni kuwa na umiliki kamili. Hupewa haki ya kutumia kwa muda. Anayekuambia kwamba ukilipa kiwanja cha Jinja kimekuwa chako na cha wajukuu wako, ama hajui, ama anajua sana.

Kisha kuna daraja. Daraja jipya la Nile, lililojengwa kwa mkopo wa Japani na kufunguliwa Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525 na limening'inizwa kwa nyaya. Picha zake mtakuwa mmeziona. Ukilivuka kwenda Njeru unadhani bado uko Jinja, maana mji unaendelea. Kumbe umetoka Busoga, umeingia Buganda, na mfumo wa umiliki wa ardhi umebadilika chini ya miguu yako. Huko kuna ardhi ya mailo, iliyogawiwa kwa mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Baganda. Mwenye hati ni mmoja, na anayelima na kuishi juu yake, mwenye kibanja, ni mwingine, naye analindwa na sheria. Unaweza kumlipa mwenye hati fedha zote ukakuta bado kuna familia iliyokaa hapo tangu babu, na haiondoki. Wakurya tunaojua mashamba ya koo tutalielewa hili upesi kuliko wawekezaji wa mbali.

Jambo jingine ni maji yenyewe. Kila mtu anataka nyumba inayotazama mto. Kanuni za Uganda zimetenga mita 100 kutoka ukingo wa Nile, na mita 200 kutoka Ziwa Victoria, kuwa eneo la hifadhi. Sisi tumezoea mita 60. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu mwaka 1964, na waliojenga karibu na maji waliyapokea ndani. Wako pia waliopatwa na kinyume chake. Maporomoko ya Bujagali yalikuwa yakileta watalii wa mitumbwi ya mpira kutoka kila pembe ya dunia, na kandoni mwake zikaota kambi na nyumba za wageni. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilikamilika, maporomoko yakiwa yamekwisha kuzama. Waliokuwa wakiishi kwa kelele ya maji ikabidi wahamie sehemu za chini za mto, na mwaka 2019 bwawa la Isimba likawafuata hukohuko. Maporomoko ya Ripon, aliyoyaona msafiri Mwingereza Speke Julai 1862, yalishatangulia kuzama zamani, kwa ajili ya Owen Falls. Mandhari ya Jinja iko mikononi mwa wajenga mabwawa.

Maisha ya kila siku si magumu kwa mtu wa kanda ya ziwa. Sato wetu huko anaitwa ngege, dagaa ni mukene, ugali wa sembe ni posho. Asubuhi utakula rolex, chapati iliyokunjwa na mayai ndani, ukisimama kando ya barabara. Wasoga, wenyeji wa Busoga, wana mfalme wao, Kyabazinga, na harusi yake ya Novemba 2023 iliujaza mji na kitongoji cha Bugembe watu wasiohesabika. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi kwa Katiba tangu mwaka 2005, ila usikitegemee kila mahali. Wapo wazee ambao bado wanakisikia kama lugha ya askari wa vizuizini, na sababu wanazo. Anza na salamu ya Kisoga hata kama utaiharibu. Watacheka, kisha watakujibu kwa Kiswahili.

Je, inafaa kuweka fedha? Jinja ilipandishwa kuwa jiji rasmi tarehe 1 Julai 2020, na Kampala iko kilomita 80 tu, hivyo wenye magari wameanza kuja kupumzika mwisho wa wiki. Nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba vinne na bustani ina wateja. Duka la vifaa vya ujenzi lina wateja zaidi, ingawa halipendezi kwenye picha. Maoni yangu ni haya: panga kwanza. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 hairuhusu kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo hutakamuliwa ukiwa bado unatafuta. Kaa masika na kiangazi. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC One, ambaye ni kama mwenyekiti wa mtaa kwetu. Yeye ndiye anayejua nyumba ipi ina kesi. Kisha nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya kanda, palepale Jinja, ukapekue hati kabla ya kumpa dalali hata shilingi ya soda.

Na kabla ya kuondoka Sirari, hakikisha una pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.