Fahamu: Redio za jamii Fizi na Baraka

Ni nini?
Ni vituo vidogo visivyo vya kibiashara vya Fizi na Baraka, mkoani Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo (DRC), vinavyorusha habari za wenyeji hasa kwa Kiswahili na Kibembe.

Kwa nini ni muhimu?
Mchimba dhahabu wa Misisi, mji wa migodi katika eneo la Fizi, mara nyingi hufanya kazi bila mkataba wa maandishi. Redioni ndipo anapoweza kusikia kwamba kuna Sheria ya Kazi ya 2002, na kwamba ni marufuku kuwatumikisha watoto migodini.

Na haki mahakamani?
Februari 2011, mahakama ya kijeshi iliyoketi Baraka ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware wa jeshi la Kongo miaka 20 jela, kufuatia ubakaji wa halaiki uliotokea Fizi Siku ya Mwaka Mpya wa 2011. Hukumu ya namna hiyo lazima isikike vijijini, ambako gazeti halifiki.

Kikwazo?
Uhaba wa umeme na ukosefu wa mishahara: wanahabari wengi wa redio hizi hujitolea.