Vumbi la Tairi na Samaki wa Mkata

Barabara kuu ya kwenda Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hasara yake inayojulikana ni wanyama wanaogongwa. Ipo nyingine, nayo huingia na maji ya mvua katika mto Mkata, tawimto la Wami.

Tairi hulika. Kila lori huacha chembe za mpira juu ya lami, hasa linapofunga breki au kuondoka kwa nguvu baada ya tuta. Kwa makadirio, dunia nzima hutoa karibu tani milioni 6 za chembe hizo kwa mwaka. Ndani yake mna 6PPD, kemikali inayowekwa kiwandani ili ozoni iliyomo hewani isiupasue mpira. 6PPD huiwahi ozoni kabla haijaugusa mpira, na katika kukutana kwao huzaliwa kemikali nyingine, 6PPD-kwinoni. Hiyo ndiyo sumu.

Ilibainika Marekani. Kwenye vijito vya jimbo la Washington, samaki aina ya coho, wa jamii ya samoni, walipanda kutoka baharini kwenda kutaga. Mvua ikinyesha, walikufa ndani ya saa chache, majike wakiwa na mayai tumboni. Mwaka 2020 timu ya Zhenyu Tian, Edward Kolodziej na Jenifer McIntyre ililoweka chembe za tairi, ikachambua kemikali zaidi ya 2,000 fungu kwa fungu mpaka ikabaki hiyo moja. Vipimo vilivyorekebishwa mwaka 2022 vinatisha: nanogramu 95 katika lita ya maji huua nusu ya coho wachanga kwa siku moja. Maana yake, gramu 1 inatosha kwa lita milioni 10.

Je, perege na kambale wetu? Sumu hii huchagua. Trauti, yule anayefugwa Kiganjo karibu na Nyeri, Kenya, huathirika vibaya, ilhali samoni aina ya chum, ndugu wa karibu wa coho, hustahimili. Undugu basi hauwezi kutupa jibu. Perege wa Wami, Oreochromis urolepis, lazima apimwe mwenyewe. Wala tusijifariji kwamba kambale huvuta hewa juu ya maji. Coho aliyedhurika naye huja juu akihema, maji yakiwa na oksijeni ya kutosha, kwani utafiti umeonyesha mishipa yake ya damu, hata ya ubongo, huanza kuvuja.

Kinachonitia hofu zaidi ni msimu wetu. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni haba, na chembe hujikusanya kandokando ya lami. Mvua ya kwanza ya vuli huzisomba kwa mkupuo mmoja, wakati maji ya mito bado ni kidogo na samaki wamebanana kwenye madimbwi.

Dawa ipo, tena si ghali. Mwaka 2015, kabla sumu haijapata jina, McIntyre na wenzake walionyesha kwamba maji ya barabarani yakichujwa kwenye tabaka la mchanga na mboji, coho hawafi. Naelewa kwa nini mjini Kilosa, baada ya mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, watu wanataka mitaro ya zege inayoondoa maji haraka. Lakini ndani ya hifadhi hakuna mji wa kuokoa. Huko maji ya lami yaelekezwe kwanza kwenye udongo na majani, kuanzia palipo na matuta, ambako tairi hulika zaidi. Matuta yenyewe yabaki, yanaokoa swala.

Naiomba TANROADS, wakala wa barabara, ichimbe vichujio hivyo barabara itakapokarabatiwa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ichote sampuli kwenye mvua ya kwanza ya vuli, saa ileile inaponyesha. Sampuli ya wiki moja baadaye haitatuambia kitu.