Suti za China kupitia wakala: Hasara huanzia ghalani

WAFANYABIASHARA wadogo wanaoingia kwa mara ya kwanza katika biashara ya suti za China kwa njia ya mtandao huwa na swali moja kwa wakala wao: bei gani? Swali hilo ni halali, lakini silo linaloamua faida. Faida huamuliwa katika siku chache ambazo mzigo unakaa kwenye ghala la wakala, tuseme huko Guangzhou, kabla haujafungwa kuja Dar es Salaam au Mombasa.

Masoko ya Taobao na 1688 yameandikwa kwa Kichina na yalijengwa kwa ajili ya wanunuzi walioko China. Ndiyo maana wakala anahitajika: hununua kwa niaba ya mteja, hupokea mzigo, huupiga picha na kuukabidhi kwa msafirishaji. Sheria ya China ya kulinda walaji, kama ilivyorekebishwa na kuanza kutumika Machi 2014, inampa anayenunua kwa matumizi yake siku 7 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu, ila si nguo iliyoshonwa kwa oda maalumu. Muuzaji wa jumla huwa na masharti yake, na ni vyema yaulizwe kabla ya kulipa. Kwa vyovyote vile, siku zinahesabiwa tangu mzigo unapopokelewa ghalani, si unapofika Kariakoo. Anayefungua picha za wakala siku ya 10 amekwisha kununua, apende asipende.

Kosa linalogharimu zaidi ni la vipimo. Suti ya China huandikwa, kwa mfano, 175/92A. Namba ya kwanza ni urefu wa mtu kwa sentimita, ya pili ni kifua, na herufi inaeleza umbo. A ni mtu ambaye kiuno chake ni kidogo kuliko kifua kwa sentimita 12 hadi 16. B ni sentimita 7 hadi 11. C ni 2 hadi 6. Mgeni huagiza A tupu kwa sababu ndizo zinazojaa kwenye picha za matangazo, kisha anagundua kuwa wateja wake wenye vitambi, ambao ndio wenye fedha za suti, hawafungi kifungo.

Dawa yake ni kumlipa wakala ziada kidogo apime kwa futi ya fundi: mabega, kifua, urefu wa mkono, kiuno cha suruali. Mabega yatangulie. Fundi yeyote wa mtaani atakunja suruali na kufupisha mkono, lakini bega likikosewa koti zima hufumuliwa, na gharama hiyo inakula faida yote.

Kitambaa nacho kina hadithi yake. Neno "sufu" kwenye tangazo mara nyingi hufunika mchanganyiko wa poliesta na rayoni. Kitambaa hicho si kibaya, hakikunjiki ovyo na kinauzika. Ubaya ni kukilipia bei ya sufu. Wakala achomoe uzi mmoja mshononi na kuuchoma. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake hupukutika, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa suti 10 za yuan 200 kila moja, jumla yuan 2,000. Kamisheni ya wakala ikiwa asilimia 5 ni 100, na usafiri wa ndani ya China 60. Suti hizo zina uzito wa kilo 12, lakini boksi lake lina sentimita 60 kwa 40 kwa 50. Katika usafiri wa ndege, ujazo huo ukigawanywa kwa 6,000 unatoa kilo 20, nazo ndizo zitakazolipiwa. Kwa yuan 75 kwa kilo, nauli ni 1,500. Jumla ni yuan 3,660, yaani 366 kwa suti, na si 200 iliyoonekana kwenye simu. Suti tatu zikikataa kuuzika kwa sababu ya vipimo, saba zilizobaki zinabeba yuan 523 kila moja.

Hapo ushuru haujaguswa. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una kiwango cha asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa, nguo zikiwamo, na VAT huja juu yake. Wasafirishaji wengi hutaja bei ya kilo iliyojumuisha ushuru, wengine la, hivyo jibu lipatikane kwa maandishi. Aidha, kiwango cha kubadilisha yuan cha wakala kilinganishwe na cha benki siku hiyo hiyo. Kamisheni inayotangazwa kuwa ndogo mara nyingi imefichwa humo.

Kwa suti za wapambe wa harusi, oda iwe moja na kwa siku moja, kwani rangi ya bluu ya mwezi huu na ya mwezi ujao huweza kupishana, na kamera ya harusi haisamehi. Wakala aambiwe pia asizibane makoti kwa mfuko wa kunyonya hewa ili kupunguza ujazo: mabega hufika yamevunjika umbo, na pasi haiyarudishi yote.