Moyo Huvunjika, Tamaa Hukatwa

Sogeeni hapa kivulini, wajukuu zangu. Juzi mmoja wenu alirudi kutoka uwanjani, timu yake imefungwa mabao matatu kabla ya mapumziko, akaniambia, "Babu, tulipoteza morali." Neno hilo tumelipata kwa Waingereza, nao walilichukua kwa Wafaransa. Walilitumia sana kwa askari: bunduki anayo, risasi anazo, ila ile nguvu ya ndani ya kusimama imemtoka. Sisi tunasema amevunjika moyo.

Lisikilizeni neno lenyewe. Chungu kikidondoka huvunjika, wala hakikupenda. Moyo nao ndivyo ulivyo. Jumamosi moja sokoni hapa Tengeru nilimwona mama amepanga nyanya zake mafungu mafungu juu ya gunia. Mvua ikashuka ghafla, matope yakarukia mafungu yote, wateja wakakimbilia chini ya mabati. Yeye akabaki ameketi, mkono shavuni, turubai liko pembeni yake na hata hakulivuta. Pale moyo wake ulikuwa umevunjika. Baadaye mvua ilipopungua, akachukua kitambaa akaanza kufuta nyanya, moja baada ya moja.

Kukata tamaa ni jambo jingine, ingawa watu huyachanganya kila siku. Tamaa haijikati yenyewe; mwenye nayo ndiye huikata. Mtu anaweza kukukatisha tamaa, yaani akakusukuma uikate, lakini kisu kiko mkononi mwako. Kama yule mama angemwaga nyanya zake mtaroni na kuapa kutorudi sokoni, hapo tungesema amekata tamaa.

Tofauti hiyo iliwahi kupimwa upande wa pili wa mlima wetu huu wa Meru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zikachomwa moto. Fikirini mtoto wa umri wenu anatazama moshi ukitoka kwenye paa la nyumba aliyolala jana. Nani asingevunjika moyo?

Serikali ikawapa fidia, wakaikataa. Pokea fidia, nawe umekubali kwamba ardhi imekwenda. Badala yake wakachangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, hadi New York, kwenye Umoja wa Mataifa, pamoja na wakili Earle Seaton. Kirilo akasimama mbele ya Baraza la Udhamini akayasema yaliyowapata. Nasema hili kwa fahari, maana ametoka kwenye migomba hii hii.

Lakini mwishoni mwa mwaka, kura zilipopigwa kwenye Baraza Kuu, azimio la kuwaunga mkono halikufikia theluthi mbili. Ardhi ikabaki kwa walowezi. Aliyetoa shilingi yake ya kahawa kwenye mchango ule, moyo wake ulivunjika mara ya pili.

Hata hivyo tamaa hawakuikata. Kirilo aliporudi alizunguka nchini akiwasimulia watu kisa cha Engare Nanyuki. Chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954, kesi ya Wameru ilikuwa inazungumzwa hata na watu ambao hawakuwahi kuuona mlima huu.