Mwaka wa Misheni Kabla ya Chuo (Sehemu ya Pili): Nani Anakutuma, Nani Anakupokea?

Wiki iliyopita tulizungumzia hamu ya vijana wanaomaliza kidato cha sita kutoa mwaka mmoja kumtumikia Mungu kabla ya kuingia chuo kikuu. Hamu hiyo ni njema, na mzazi asikimbilie kuizima. Lakini hamu haitoshi. Leo tuulize maswali mawili ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua kama mwaka huo utamjenga kijana au utampotezea muda: nani anamtuma, na nani anampokea?

Wazo la kuwatuma vijana wadogo si geni. Mwaka 1960 Mmarekani Loren Cunningham alianzisha shirika la Youth With A Mission, maarufu kama YWAM, akiamini kwamba kijana aliyetoka sekondari anaweza kwenda misheni bila kusubiri shahada. Hadi leo mlango wa kuingilia shirika hilo ni shule ya uanafunzi ya miezi mitano au sita hivi: kwanza mafundisho, halafu safari ya huduma. Wanaodhani ni miezi ya kuhubiri tu jukwaani hushangaa. Kutwa nzima imepangwa: ibada ya asubuhi, darasa, kisha zamu za kazi, jikoni, bustanini, kusafisha vyoo. Kijana aliyezoea kuoshewa vyombo na dada wa kazi hukutana na sufuria za watu arobaini. Hakuna mshahara, na hata watumishi wa kudumu hutegemea michango ya marafiki na makanisa yao. Mzazi ayajue haya mapema, asije akaambiwa katikati ya safari kwamba nauli ya kwenda kwenye huduma bado haijapatikana.

Hata hivyo, tusidhani misheni ni jambo lililokuja kwetu kwa ndege. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekuwa amebatizwa mwaka mmoja tu kabla, alikwenda Mboga, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Chifu Tabaro alimpinga, na Apolo akapigwa, akafungwa. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa. Apolo alihamishwa kwenda kazi nyingine, akarudi, akafia huko mwaka 1933. Nimemtaja kwa sababu moja. Kazi yake ilizaa matunda kwa kuwa aliishi na watu mpaka wakamjua naye akawajua. Mwaka mmoja hauwezi kufanya hayo. Kijana wa miaka 19 anayekwenda kijiji cha wafugaji Simanjiro asiahidiwe kwamba atakibadilisha kijiji. Atakuwa anajifunza, akiwabebea mizigo wainjilisti waliokuwepo kabla yake na watakaobaki akishaondoka. Shirika linalomwambia ukweli huo linastahili kuaminiwa kuliko linalomwita shujaa.

Sasa nani amtume? Kitabu cha Matendo, sura ya 16, kinatuonyesha Timotheo akichukuliwa na Paulo akiwa tayari ameshuhudiwa vizuri na ndugu wa Listra na Ikonio. Waliomjua nyumbani ndio waliosema anafaa. Kwa hiyo kijana aanze na usharika au parokia yake. Kama hajawahi kufundisha watoto shule ya Jumapili, kutembelea wagonjwa, au hata kupanga viti kabla ya ibada, miezi michache ya huduma hapo mtaani itamfaa zaidi kuliko safari ya mbali. Na mchungaji anayemsukuma mtoto wa watu kwa kusema “Mungu ameniambia uende”, kijana mwenyewe akiwa na mashaka, aambiwe kwa heshima kwamba wito wa mtu hausainiwi na mwingine.

Kuhusu anayempokea, tuna mfano mlangoni petu. Vijana wa Kijerumani waliomaliza shule huja kujitolea katika dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), baadhi kupitia mpango wa weltwärts ulioanzishwa na serikali yao mwaka 2008. Hawaji hivi hivi. Huhudhuria semina kabla ya kuondoka, huwa na bima, mkataba, mahali pa kulala panapojulikana, na mtu wa kuwasimamia huku. Inaniuma kuona mtoto wa mgeni anapokelewa kwa utaratibu huo, na wa kwetu anasindikizwa kwa maombi na begi tu. Maombi ni lazima, lakini na karatasi ziwepo: barua ya mwaliko yenye jina la msimamizi, ratiba ya kazi za juma, bima ya afya, na namba ya kupiga simu usiku mambo yakiharibika. Kwa binti, ulizeni pia atalala wapi, na nani, na mlango unafungwaje. Anayekasirishwa na maswali hayo asikabidhiwe mtoto.

Neno kuhusu kalenda. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka kwa kawaida Julai, na vyuo hufunguliwa kuanzia Oktoba. Katikati kuna mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, yaliyorejeshwa mwaka 2013, na kwa wengi huchukua takriban miezi mitatu. Anayetaka mwaka mzima wa misheni atakosa muhula wa kwanza, hakuna ujanja. Aliyekwisha kudahiliwa asidhani nafasi itamsubiri yenyewe. Aulize chuo kwa maandishi kama anaruhusiwa kuahirisha au itabidi aombe upya. Tena asome mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka husika, kwa sababu muda uliopita tangu kumaliza shule huangaliwa katika sifa za mwombaji.

Wazazi, kaeni na mtoto wenu juma hili, mwandike pamoja maswali yote ya kuuliza shirika, myapeleke kabla ya kulipa hata shilingi moja. Majibu yakija kwa maandishi na yakiridhisha, mruhusuni aende, nanyi mchangieni kwa moyo. Wiki ijayo tutazungumzia gharama: nani achange, na hesabu zitunzwe vipi.